UZI: Wamaksi na chama cha siasa cha wafanyakazi, na swali la nani analipa ada

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Juzi Jumamosi nilialikwa na vijana watano ambao husoma maandishi ya Karl Marx, mwanafikra wa usoshalisti, pamoja kila mwezi, katika chumba cha nyuma cha kinyozi karibu na stesheni ya reli hapa Nakuru, ili niwaeleze kwa nini mtu aliyekuwa katibu wa tawi la yunioni kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kujiandikisha katika chama chochote cha siasa. Mazungumzo hayakufika mbali kabla hatujagawanyika. Wawili walishikilia kwamba Mmaksi hana budi kuwa na chama chake mwenyewe, hata kikiwa na wanachama ishirini, mradi msimamo wake uwe safi. Watatu wakajibu kwamba watu ishirini ni kilabu tu, kwamba wananchi wako katika vyama vikubwa, na kwamba Mmaksi na awafuate huko huko. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba pande zote mbili zinagombania mlango wa nyumba ambayo hakuna aliyeuliza kama imejengwa. Nimefungua uzi huu ili niseme kwa utulivu yale niliyoshindwa kuyasema katikati ya kelele za mashine ya kunyolea.

Nianze na neno lenyewe. Tukisema "chama cha wafanyakazi" hapa Kenya, kila mtu anafikiria yunioni: ya walimu, ya wauguzi, ya mashamba ya chai na maua. Hatuna neno la mkato la chama cha siasa ambacho ni mali ya wafanyakazi, na nadhani neno halipo kwa sababu kitu chenyewe hakijawahi kudumu. Hata hivyo, neno hilo hilo "chama" ndilo analolitumia mama muuza omena akizungumzia kikundi cha akina mama kumi na watano wanaochangishana kila Ijumaa. Katika chama hicho kila mmoja analipa, daftari linasomwa kwa sauti, na mweka hazina asiyeeleza hesabu anaondolewa kabla chai haijapoa. Sasa tazama chama cha siasa cha kwetu. Mwanachama halipi kitu, na pengine hata hajui kuwa yeye ni mwanachama. Tumeona Wakenya wangapi wakigundua kwa simu kwamba majina yao yamo katika rejesta ya chama ambacho hawajawahi kuhudhuria mkutano wake? Anayelipa ni mwenye chama, na anayelipa ndiye mwenye kugawa tiketi. Kinachoongezwa na Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao sheria ya 2011 inausemea angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, nacho kinaishia mikononi mwa kinara na watu wake.

Kauli yangu, basi, ni kwamba kabla ya kuuliza kama Wamaksi waingie au wabaki nje, tuulize ada ya chama hicho inatoka mfukoni mwa nani, na nani ana uwezo wa kumwondoa kiongozi wake. Pale ambapo wafanyakazi wenyewe ndio wanaokilipia chama, ni chama chao hata kikiongozwa na watu dhaifu, na Mmaksi anayekaa nje yake anajitenga na tabaka analodai kulitetea. Pale ambapo bwana mmoja ndiye anayelipa, uwanja wa Afraha unaweza kujaa hadi watu wapande ukuta, na bado chama hicho hakitakuwa cha hao waliopanda ukuta.

Mwanzisha uzi (anaendelea)

Vijana wale waliniuliza kama maneno haya ni yangu au ya Marx. Ni yangu, lakini hayapingani na alichokifanya. Katika Tamko la Kikomunisti la 1848, yeye na mwenzake Engels waliandika kwamba wakomunisti hawaundi chama cha pekee cha kushindana na vyama vingine vya wafanyakazi. Mwaka 1864, Shirika la Kimataifa la Wafanyakazi lilipoanzishwa London, Marx alikubali kukaa meza moja na viongozi wa yunioni za Kiingereza ambao hawakuwa na haja na mapinduzi, pamoja na wafuasi wa Proudhon kutoka Ufaransa, na aliandika kanuni za shirika hilo kwa lugha ambayo wote wangeweza kuitia sahihi. Mtu aliyezoea kuamini kwamba Marx alikuwa mkali kwa kila aliyekosea mstari mmoja angefaa kuutafakari mwaka huo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Marekani mwaka 1886. Yunioni za New York zilimsimamisha Henry George agombee umeya, mtu ambaye nadharia yake ya kodi ya ardhi Engels aliiona kuwa na kasoro nyingi. George alipata takriban kura 68,000, akashika nafasi ya pili, mbele ya kijana mmoja aliyeitwa Theodore Roosevelt. Wasoshalisti wa Kijerumani waliohamia Marekani walikuwa na nadharia iliyonyooka na wafuasi wachache, wengi wao wasiojifunza hata Kiingereza. Engels hakuwasifu. Katika barua zake za mwaka huo aliwalaumu kwa kuigeuza nadharia kuwa katekisimu ya kukariri, na akasema kwamba hatua kubwa ni wafanyakazi kuanza kutembea kama tabaka katika chama chao wenyewe, hata wakitembea kwa kuyumba, kwa kuwa watajifunza kutokana na makosa yao haraka kuliko kutokana na mahubiri ya wengine.

Waingereza nao walitupa kisa ambacho mtu wa mji wa reli hawezi kukipita. Hoja iliyozaa chama cha Leba ilitoka kwa yunioni ya watumishi wa reli, ikapitishwa katika kongamano la yunioni mwaka 1899, na Februari 1900 Kamati ya Uwakilishi wa Wafanyakazi ikaundwa London. Wamaksi wa wakati huo, waliokuwa katika Shirikisho la Kidemokrasia ya Kijamii, walikuwamo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1901 walijitoa, kwa kuwa wenzao walikataa kutangaza vita vya kitabaka na usoshalisti kuwa msingi wa kamati. Mwaka huo huo, ambao pia ndio reli ilipofika Kisumu, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua katika kesi ya Taff Vale kwamba kampuni ya reli inaweza kuidai yunioni hasara ya mgomo, na yunioni ikalipishwa pauni 23,000. Yunioni zilizokuwa zikisitasita ziliona kwamba bila wabunge wao hazina usalama, zikamiminika katika kamati ile ile ambayo Wamaksi walikuwa wameipa kisogo. Mwaka 1906 ikapata wabunge 29. Wale waliotoka walikuwa sahihi kuhusu mambo mengi, na hawakuwapo siku wafanyakazi walipofika.

Mchangiaji wa Kisumu

Mzee, shikamoo, na asante kwa somo. Naomba nikupinge kwa heshima. Mimi niko katika kikundi cha kusoma hapa Kisumu, na baadhi yetu ni wanachama wa waziwazi wa chama cha ODM, tuliojiandikisha wenyewe. Ukisema tungoje chama ambacho wafanyakazi wanakilipia, utatufanya tungoje kama tunavyoingoja mvua Januari. Makuli wa gati, wauza samaki, wenye bodaboda na wafanyakazi wa viwanda vya sukari wa Muhoroni na Chemelil wamekuwa katika upinzani wa siasa za hapa tangu enzi za Jaramogi. Walikufa kwa ajili yake. Hospitali kubwa ya hapa, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969 kwa risasi, na siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, ikapigwa marufuku. Je, KPU haikuwa chama cha wafanyakazi na wakulima kwa sababu hawakuwa na risiti za ada? Mtu aliyepigwa risasi ametoa ada gani zaidi ya hiyo?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho limenizuia kuandika kwa siku mbili, na sitalijibu kwa mzaha.

Damu ya 1969 haipimwi kwa risiti, na KPU ndicho chama kilichokaribia zaidi kile tunachokizungumzia. Kilitaka ardhi igawiwe wasio nayo bila kulipishwa, na kilikuwa na Bildad Kaggia, aliyewahi kuwa mtu wa yunioni kabla hajahukumiwa kifungo Kapenguria. Baadhi ya viongozi wa yunioni walijiunga nacho, na wengine wao wakawekwa kizuizini mwaka huo huo wa 1966. Jaramogi mwenyewe hakuwa Mmaksi wala hakujiita hivyo. Lakini ukitaka kujua kwa nini kilibanwa hadi kikawa chama cha jimbo moja, usianzie 1969. Anzia 1965.

Mwaka huo ulianza kwa kuuawa kwa Pio Gama Pinto tarehe 24 Februari, mtu aliyekuwa kiungo kati ya bunge, yunioni na Taasisi ya Lumumba. Taasisi hiyo, iliyokuwa ikifunza makada wa chama tawala cha KANU, ilifungwa mwaka huo huo. Kisha, baada ya ghasia kati ya makundi mawili ya yunioni, serikali ilivunja mashirikisho yote mawili na kuunda shirikisho moja, COTU, ikampa rais uwezo wa kumteua katibu mkuu kutoka katika majina atakayopelekewa. Kwa hiyo Jaramogi alipojiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966 na kuondoka na wabunge waliomfuata, uti wa mgongo ambao ungeweza kukibeba chama chake kutoka Mombasa hadi Kisumu kupitia reli, bandari na mashamba ulikuwa umekwisha kukatwa. Katiba ikabadilishwa haraka ili waliohama warudi kwa wapigakura, na katika Uchaguzi Mdogo wa Juni 1966 KPU ikapata viti tisa kati ya 29. Kaggia alishindwa Kandara. Mwaka 1968, fomu za wagombea wake wa mabaraza ya miji na wilaya zilikataliwa nchi nzima. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kukiita chama cha Wajaluo, kwa kuwa mahali pengine walikuwa wamezuia kisionekane.

Serikali ile iliielewa hoja yangu kuliko tunavyoielewa sisi. Ilishughulika na yunioni kwanza, na chama baadaye. Wakoloni nao walifanya vivyo hivyo kwa Makhan Singh: Aprili 1950 alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akiwa katibu mkuu wa kongamano la yunioni za Afrika Mashariki, akatoa hoja ya uhuru kamili, na mwezi uliofuata alikuwa mikononi mwa polisi. Alitoka kizuizini mwaka 1961. Hawakumwogopa kwa kuwa tu alikuwa mkomunisti. Wakomunisti waliokaa vyumbani hawakumsumbua gavana usingizi. Walimwogopa kwa kuwa alikisema kile cha siasa mbele ya watu waliokuwa wakilipa ada ya yunioni.

Kuhusu ODM, sikukatazi. Nakuuliza tu: katika mchujo uliopita, tawi la wafanyakazi wa sukari lilikuwa na kura ngapi kama tawi? Mfanyakazi alikwenda pale kama mkaazi wa wadi fulani, akapanga foleni pamoja na mwajiri wake, na wote wawili wakasubiri cheti kitoke Nairobi.

Mchangiaji wa Kericho

Mimi ni mchuma chai, na sijasoma vitabu mnavyovitaja, lakini nimeufuatilia uzi huu kwenye simu kila jioni. Hapa kwetu tunalipwa kwa kilo. Mashine moja ya kuchumia inafanya kazi ya watu wengi, na tangu zilipoanza kuletwa tumeona nyumba za kambi zikibaki tupu. Mwaka 2023 watu walizichoma moto mashine hizo. Wanasiasa wa vyama vyote walikuja, wakatuhurumia, wakaondoka. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa kwamba wilbaro, alama ya chama cha UDA, ni yetu sisi watu wa chini, na tuliipigia kura kwa wingi. Ninachotaka kuuliza ni hiki: yunioni yetu ina ada, tena inakatwa kwa mshahara kabla sijaugusa, lakini sijawahi kuona daftari. Kwa kipimo cha mzee wa Nakuru, yunioni hiyo ni yangu au si yangu?

Mwalimu (Kakamega)

Ndugu wa Kericho ameuliza kile nilichotaka kukiuliza, nami nitakinoa zaidi. Mzee anazungumza kana kwamba ada ya yunioni zetu inatoka mfukoni. Haitoki mfukoni, inakatwa na mwajiri na kupelekwa na mwajiri. Sisi walimu tumejifunza hilo kwa uchungu. Yunioni yetu kongwe, KNUT, iliyoanzishwa 1957, ilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 mwaka 2019, na katika muda wa miaka miwili ya mvutano na mwajiri ikabaki na chini ya 30,000 katika orodha ya makato. Watu wangapi kati ya waliotoka walikwenda kulipa ada kwa mkono wao? Mimi nilikuwa mweka hazina katika shule yetu na naweza kuwahesabu kwa vidole. Ada ambayo mwingine anaweza kuifunga kama bomba la maji haithibitishi kwamba chama ni chako.

La pili ni kwamba mnazungumzia viwanda katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya kazi, hata ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, iko katika sekta isiyo rasmi. Hapa Kakamega kiwanda cha Mumias kilipoingia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai, mwaka 2019, walioumia hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda peke yao. Walioumia zaidi ni wakulima wa miwa, watu wenye ekari mbili, ambao si wafanyakazi kwa maana ya Marx wala si mabepari kwa maana ya mtu yeyote mwenye macho. Webuye nayo, kiwanda cha karatasi kilipofungwa 2009, ilibaki na mafundi waliochomelea milango kando ya barabara. Chama chenu cha wafanyakazi kitawaweka wapi watu hawa?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Mwalimu, umenikamata pabaya, na nitakubali kabla sijajitetea. Ada inayokatwa bila mtu kuulizwa si sawa na ada inayotolewa. Nilipokuwa katibu, tawi letu lilikuwa na watu mia tatu na zaidi katika orodha ya makato, na siku kiwanda kilipotangaza kufungwa, waliokuja mkutanoni hawakufika arobaini. Nilijilaumu kwa kuwa nilikuwa nimechukulia orodha kuwa ni watu.

Waingereza waliupitia ubishi huo huo kwa sheria. Tangu 1913, mwanachama wa yunioni alikuwa akichangia mfuko wa siasa isipokuwa ajaze karatasi ya kukataa. Baada ya mgomo mkuu wa 1926 kushindwa, serikali ya wahafidhina ilipindua utaratibu mwaka 1927, ikasema hakuna atakayekatwa isipokuwa ajaze karatasi ya kukubali. Walitarajia kukikausha chama cha Leba, na kweli mapato yake yalipungua sana, lakini kwa karibu miaka ishirini mamilioni waliendelea kutia sahihi kwa mkono wao wenyewe. Sahihi hizo ndizo ninazozitaka mimi. Sheria hiyo ilifutwa 1946, na kama nikisema neno litakalowaudhi wana-Leba, basi ni kwamba kwa miaka mingi baada ya hapo watu hawakuulizwa.

Kuhusu mkulima wa miwa na fundi wa Webuye, tazama Brazil. Chama cha Wafanyakazi kilianzishwa São Paulo mwezi Februari 1980, kikitokana na migomo ya wafanyakazi wa viwanda vya magari ya miaka ya 1978 hadi 1980. Ndani yake waliingia pia wakulima wasio na ardhi, jumuiya ndogondogo za Kikatoliki za vitongojini, na makundi kadhaa ya Wamaksi yaliyokuwa yakichukiana kwa miaka. Wafanyakazi hao wa magari walikuwa sehemu ndogo ya Wabrazili wote, kama wafanyakazi wa viwanda walivyo wachache kwetu. Walichokuwa nacho ni mgomo mmoja ambao nchi nzima iliuona, na mazoea ya kukaa mkutanoni na kupiga kura. Mkulima wa Mumias anayedai malipo ya miwa yake na mfanyakazi anayedai mshahara wa miezi wanadai pesa hizo hizo kutoka kwa meneja yule yule. Sioni ugumu wa kuwaweka chumba kimoja kuliko kumweka mkulima huyo pamoja na mwenye kiwanda kwa kuwa wote ni Waluhya.

Sifichi kwamba chama hicho cha Brazil kilibadilika. Mwaka 2002 Lula alishinda urais, na mwisho wa 2003 wabunge wachache wa mrengo wa kushoto, akiwamo seneta Heloísa Helena, walifukuzwa kwa kuupinga muswada wa pensheni wa serikali yao wenyewe. Wakaunda chama kingine mwaka uliofuata. Wamaksi walioingia katika chama kikubwa wasidhani watakaa humo kama wageni wa heshima milele.

Mchangiaji wa Kisumu

Basi mzee amesema mwenyewe. Wakiingia wanafukuzwa, wakibaki nje wanasahaulika. Nasi tumeona pia vyama vinavyojiita vya wafanyakazi. Palikuwa na chama cha Leba cha Kenya, ambacho mbunge mmoja wa Budalangi alikihamia 2016 alipokosana na ODM, akashindwa 2017, na sijui mfanyakazi gani aliyeuliza kilikokwenda. Nigeria, Shirikisho la Wafanyakazi lilizaa chama tangu 2002, na mwaka 2023 Peter Obi, aliyekihamia mwaka mmoja tu kabla, akapata nacho kura zaidi ya milioni sita. Mwaka uliofuata shirikisho lile lile likawa linagombana hadharani na uongozi wa chama lilichokizaa. Kura zilikuwa nyingi, risiti zilikuwa chache. Nakubali hilo. Ila je, kuna mahali ambapo yunioni yenye wanachama halisi ilianzisha chama chenye msimamo safi, na kikafaulu?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Mfano wa karibu zaidi ni wa kushindwa. Afrika Kusini, polisi waliwaua wachimba migodi 34 Marikana tarehe 16 Agosti 2012. Yunioni ya wafanyakazi wa vyuma, Numsa, ikaacha kukiunga mkono chama tawala cha ANC Desemba 2013, ikafukuzwa kutoka shirikisho la yunioni la COSATU mwaka uliofuata, na ikasaidia kuanzisha chama cha mapinduzi cha wafanyakazi kilichogombea 2019. Numsa ilidai wanachama zaidi ya 300,000. Chama kikapata kura 24,439. Nimezitazama tarakimu hizo mara nyingi. Wanachama walikuwa wa yunioni kwa mshahara na kesi za kazini. Chama kilitangazwa na viongozi, kikaandikishwa dakika za mwisho, kikaandikiwa ilani kamili. Ada ya yunioni haikugeuka kuwa ada ya chama kwa sababu hakuna aliyeuliza mlangoni mwa kiwanda: wewe unakitaka?

Upande wa pili ni Ujerumani, ambako chama cha wafanyakazi, SPD, kilikuwa na kila kitu. Kabla ya vita kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni moja wanaolipa, magazeti yake, na wabunge 110 baada ya uchaguzi wa 1912. Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge hao wakapiga kura ya kugharamia vita. Desemba mwaka huo Karl Liebknecht alikuwa peke yake bungeni kukataa. Rosa Luxemburg alikuwa ameuona ugonjwa huo kwa miaka mingi na alibaki ndani kwa sababu zile zile ninazozitoa mimi hapa, kwamba huwezi kuliacha tabaka. Chama chao cha kikomunisti kilizaliwa kati ya siku za mwisho za 1918 na siku ya kwanza ya 1919, na wiki mbili baadaye wote wawili walikuwa wameuawa. Sisemi alikosea kubaki. Nasema kwamba kwa miaka kumi na zaidi aliandika makala bora kuliko mtu yeyote, lakini hakujenga ndani ya matawi kikundi cha watu wanaojuana, ambacho kingeweza kusimama siku ile ya Agosti. Kubaki ndani bila kujipanga kulimwacha mpweke kama angekuwa nje.

Ndugu wa Kericho, sijakujibu. Yunioni hiyo ni yako kwa sheria, kwa kuwa ibara ya 41 ya Katiba inakupa haki ya kujiunga nayo na kushiriki katika shughuli zake, na kwa jasho, kwa kuwa makato ni ya kilo zako. Daftari ndilo bado si lako. Ningekuwa mimi kijana na Mmaksi, ningeanzia hapo, kwa kudai hesabu za tawi zisomwe mkutanoni, kabla ya kuandikisha chama kinachohitaji wanachama elfu moja katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kazi hiyo haina sifa, na haina picha nzuri ya kutuma mtandaoni.

Mchangiaji wa Kericho

Tulikutana jana watu kumi na wanane, wachumaji na madereva wawili wa trekta, na mkulima mmoja mwenye chai yake ndogo ambaye aliomba kukaa nasi. Tumekubaliana kwamba kila mtu atatoa shilingi ishirini kwa mwezi, kwa mkono, si kwa makato, ili tumlipie nauli mtu wa kwenda kudai hesabu za tawi. Hatujakipa kikundi jina lolote. Mmoja aliuliza kama hiki ni chama cha siasa, tukacheka, kisha tukanyamaza. Sasa tuna shilingi 360 kwenye mkebe na tunabishana mkebe ukae kwa nani.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Mkebe ukae kwako, na daftari likae kwa yule aliyekupinga sana jana.